Margaret yupi?

Kuna majina ambayo mtandao umeshaamua ni ya wazee, na Margaret ni moja yao. Ukiandika tu "Auntie Margaret" watu wanaanza kucheka kabla hujafika kwa utani wenyewe. Tayari wameshamwona: mweka hazina wa chama, leso imekunjwa ndani ya mkoba, peremende za kugawa kanisani, na lile swali la "kwani wewe ni mtoto wa nani?" Shosho wa mtu lazima ni Margaret. Naibu wa mwalimu mkuu lazima ni Margaret. Lakini mtoto wa chekechea anayeitwa Margaret? Utazunguka mtaa mzima. Siku hizi ni Zuri, ni Tamara, ni Shantelle.

Mimi sina shida na utani. Shida yangu ni nyingine kabisa. Hebu andika "Margaret Kenyatta" kwa simu yako. Kuna uwezekano mkubwa utaletewa mke wa Rais wetu wa nne. Sasa andika "Margaret Wambui". Hapo utaletewa mwanariadha wa mita 800. Wote wawili wanastahili kujulikana, sikatai. Lakini kulikuwa na mwanamke aliyekuwa na majina hayo yote matatu kwa pamoja, Margaret Wambui Kenyatta. Aliongoza jiji la Nairobi kwa miaka sita na akaongoza mkutano wa dunia nzima hapa hapa mjini. Huyo ndiye wa kutafutwa kwa tochi. Amefunikwa na majina yake mwenyewe.

Hiyo ndiyo kitu jina la kawaida hufanya. Watu wengi wakishiriki jina moja, wanageuka kuwa mtu mmoja tu, na mara nyingi anayebaki ni wa karibuni au yule wa kwa utani. Kwa hivyo leo nataka tuwatenganishe. Nimechagua Margaret watano wa Kenya. Kila mmoja wao alifika mahali akakuta mlango, na si wote waliofunguliwa.

Lulu kwa jina lingine

Kwanza jina lenyewe. Margaret linatoka kwa neno la Kigiriki, margarites, maana yake lulu. Yaani Margaret na Lulu ni jina moja. Lakini Lulu tunasikia ni jina la msichana wa Kileleshwa, na Margaret tunasikia ni la nyanya wa Murang'a. Kitu ni kile kile kinachotoka kwa chaza. Kilichobadilika ni masikio yetu.

Huku kwetu jina lilikuja na misheni. Kanisa la Scotland lilikuwa na misheni kubwa Thogoto, na Scotland wana Mtakatifu Margaret wao, malkia aliyefariki mwaka wa 1093. Wakatoliki nao walikuja na orodha yao ya watakatifu. Ubatizo na shule vilikuwa vinatembea pamoja, kwa hivyo mtoto aliyeingia darasani na jina la nyumbani mara nyingi alitoka na jina la pili. Halafu kulikuwa na ufalme. Binti Mfalme Margaret wa Uingereza alizuru Afrika Mashariki mwaka wa 1956, na kule Dar es Salaam hospitali kubwa ikapewa jina lake. Baada ya uhuru Watanganyika waliliondoa. Hospitali hiyo leo ndiyo Muhimbili.

Kuhusu majina ya misheni, kuna hadithi moja inayonifurahisha sana. Mwaka wa 1914 pale Thogoto, kijana aliyeitwa Kamau alikuwa anabatizwa. Alitaka aitwe John Peter, mitume wawili kwa mpigo. Wamisheni wakakataa, wakamwambia achague moja. Sasa Petro maana yake ni mwamba, na jiwe kwa Kiingereza ni "stone". Kijana akatoka hapo akiwa Johnstone, na mitume wake wote wawili ndani. Baadaye alikuja kulitupa hilo la Johnstone na kujiita Jomo. Lakini binti yake alibaki na jina lake la kanisa hadi siku ya kufa. Tuanze na huyo.

Meya

Margaret Wambui Kenyatta alizaliwa mwaka wa 1928, mtoto wa pili wa Jomo Kenyatta na mke wake wa kwanza, Grace Wahu. Kwa desturi ya Wakikuyu, mvulana wa kwanza huitwa kwa jina la babu upande wa baba, na msichana wa kwanza kwa jina la nyanya upande huo huo. Ndiyo maana kaka yake aliitwa Peter Muigai, na yeye akaitwa Wambui, kama mama yake Jomo. Angalia hayo majina vizuri sasa. Margaret la kanisa, Wambui la nyanya, na Kenyatta ambalo halikuwa hata la ukoo. Baba yake alilipata ukubwani, kutokana na mshipi wa shanga aliopenda kuvaa.

Watu wengi wakisikia "binti ya Rais" wanafikiria maisha laini. Piga hesabu kidogo. Mwaka wa 1931 Jomo alienda Uingereza, na alirudi 1946. Margaret alikuwa mtoto mdogo baba akiondoka, na akawa amemaliza utoto wote baba akirudi. Alisoma Alliance, ile ambayo leo tunaijua kama shule ya wavulana, wakati ambapo ilipokea wasichana wachache tu. Akaenda kufundisha Githunguri, kwenye chuo kilichojengwa na Waafrika wenyewe, baba yake akiwa mkuu. Halafu Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa, Jomo akakamatwa, chuo kikafungwa. Baba hakuwa huru tena hadi Agosti 1961. Kufikia wakati huo Margaret alikuwa ameshafika miaka 33, na ile miaka aliyokaa na baba yake nyumbani unaweza kuihesabu kwa vidole.

Uchaguzi wa 1963 ulipofika, alichaguliwa diwani wa Dagoretti. Mwaka wa 1969 akawa naibu meya, na mwaka wa 1970 akawa Meya wa Nairobi, mwanamke wa kwanza Mwafrika kukalia kiti hicho. Wakati huo wananchi hawakuwa wanampigia meya kura. Madiwani ndio walimchagua, na madiwani wengi walikuwa wanaume.

Najua kuna mtu hapo ameshaanza kuandika "lakini baba yake alikuwa Rais". Ndiyo, alikuwa Rais, na lile jina la tatu lilifungua milango ambayo kwa msichana mwingine wa Dagoretti ingebaki imefungwa. Siwezi kuficha hiyo. Lakini Jomo alikuwa na jamaa wengi, na wengi wao hawakuomba kazi ya kusumbuliwa na maji, takataka na nyumba za watu wa Nairobi. Yeye aliiomba. Na jiji lenyewe halikuwa linatulia. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286 hapa Nairobi. Ya 1979 ilihesabu 827,775. Hiyo ni kama kuongezewa mji mwingine juu ya ule ambao tayari umekushinda kuzolea taka. Ndani ya kipindi chake pia ndipo KICC ilipofunguliwa, 1973, na Umoja wa Mataifa ukaamua, mwishoni mwa 1972, kwamba shirika lake la mazingira, UNEP, litakaa Nairobi. Lilikuwa shirika la kwanza kubwa la Umoja wa Mataifa kuweka makao makuu katika nchi inayoendelea. Sisemi ni yeye aliyelileta. Nasema wageni wakija kuangalia huo mji ambao wameamua kuhamia, meya waliyemkuta ofisini alikuwa yeye.

Aliacha umeya 1976 akawa mwakilishi wa kudumu wa Kenya kwa hiyo hiyo UNEP hadi 1986. Halafu kuna Julai 1985, na hapa naomba uwe makini kidogo. Umoja wa Mataifa ulifanya Nairobi mkutano wake wa tatu wa dunia kuhusu wanawake. Nchi 157 zilituma wajumbe wao KICC. Kando yake, Chuo Kikuu cha Nairobi kilijaa wanawake wapatao 12,000 kutoka kila pembe ya dunia, wamekuja kwa mkutano wa mashirika yasiyo ya serikali. Mkutano mkuu uliongozwa na Margaret Kenyatta. Nchi zilizokuwa haziongei vizuri, vita baridi bado vinaendelea, Afrika Kusini bado iko chini ya ubaguzi wa rangi, na mwisho wa wiki mbili wakatoka na waraka mmoja waliokubaliana, ambao hadi leo unabeba jina la Nairobi. Kila mtu anataja mkutano wa Beijing wa 1995. Beijing ilijengwa juu ya Nairobi.

Baadaye alikuwa kamishna wa tume ya uchaguzi kuanzia 1992 hadi 2002, yaani kuanzia uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya kurudishwa. Alifariki tarehe 5 Aprili 2017, akiwa na miaka 89.

Sasa niambie hii. Tangu tuanze kuchagua magavana mwaka wa 2013, Nairobi haijawahi kumchagua mwanamke. Anne Kananu alikalia kiti mwaka wa 2021 baada ya Sonko kutimuliwa, lakini alifika hapo akiwa naibu, hakupita kwa debe. Kila uchaguzi unapokaribia utasikia mtu redioni akiuliza kama "Nairobi iko tayari" kuongozwa na mwanamke. Wasee, Nairobi ilikuwa tayari 1970. Swali lingekuwa ni kwa nini tulisahau, na kusahau huko kunamsaidia nani.

Wifi

Yule unayemwona mbele kwa simu ni Margaret Gakuo Kenyatta, mke wa Uhuru. Uhuru na meya wetu ni watoto wa baba mmoja, kwa hivyo hawa Margaret wawili walikuwa mawifi. Kama historia ingetaka kutuchanganya makusudi, isingefanya vizuri zaidi.

Margaret Gakuo alizaliwa 1964. Baba yake, Dkt. Njuguna Gakuo, aliwahi kuongoza shirika la reli, na mama yake alikuwa Mjerumani. Alisomea ualimu Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mume wake alipoingia Ikulu 2013, alikuwa na kiti ambacho katiba haikukipa kazi yoyote. Unaweza kukata utepe miaka kumi na ukaenda nyumbani. Yeye alichagua jambo moja akalishikilia: akina mama wanaokufa wakijifungua.

Takwimu zilizokuwa mezani zilitisha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2008 na 2009 ulionyesha vifo 488 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Januari 2014 akaanzisha Beyond Zero, na Aprili mwaka huo akakimbia marathoni ya London kuchangisha pesa. Alichukua kama saa saba. Kuna waliomcheka. Mimi nawauliza, wewe kilomita 42 ulizimaliza lini mara ya mwisho? Pesa zilinunua kliniki za magari, na kufikia 2016 kaunti zote 47 zilikuwa zimepewa yao.

Maoni yangu ni kwamba gari la kliniki haliwezi kushika nafasi ya hospitali yenye daktari, damu na umeme saa nane usiku. Kazi hiyo ni ya serikali, na haifai kungoja mtu mmoja mwenye moyo mzuri avae raba. Lakini alifanya wanaume wenye suti wazungumzie uzazi kwenye meza ambazo kawaida huzungumzia barabara. Hiyo ni kazi yake mwenyewe, na haifai kuchanganywa na ya wifi yake, wala ya wifi yake kufunikwa na hii.

Daktari

Margaret wa tatu, wengi wenu mmeshatoa jasho kwa sababu yake. Margaret Atieno Ogola, aliyeandika The River and the Source. Kwa wengi hiki ni kile kitabu teule cha Kiingereza tulichokariri majibu yake bila kukisoma. Tulijua sifa za Akoko kwa pointi saba. Mwandishi tulimjua kwa jalada tu.

Alizaliwa 1958, akasoma Alliance Girls, kisha udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi, na akabobea kama daktari wa watoto. Aliandika riwaya akiwa na kazi ya hospitali na akiwa na familia ya kulea. Kitabu kilitoka 1994. Mwaka uliofuata kikapata tuzo ya waandishi wa Jumuiya ya Madola kwa kitabu cha kwanza bora katika kanda ya Afrika, na tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta vilevile.

Ukikisoma leo bila presha ya mtihani, utaona ni kitabu kuhusu jambo hili hili tunaloongea. Kinafuata vizazi vinne vya wanawake wa familia moja ya Kijaluo. Wa kwanza, Akoko, ana jina la nyumbani tu. Shemeji yake anaponyakua uongozi wa mjukuu wake, Akoko anafunga safari hadi Kisumu kumshtaki kwa wazungu, na anashinda. Binti yake, Nyabera, anaondoka kwenda misheni na anakuwa Maria. Binti ya Nyabera, Awiti, anaitwa Elizabeth, na anakuwa mwalimu. Kizazi baada ya kizazi, jina la kanisa linaingia pamoja na kalamu. Lakini Ogola hakuwachora kama watu waliopoteza kitu tu au waliopata kitu tu. Ule ukali wa Akoko unaendelea chini ya majina mapya. Na mwandishi mwenyewe alitia sahihi kwa jina la misheni. Nadhani alijua anachofanya.

Kitu ambacho maswali ya mtihani hayakuwahi kutuuliza ni mchana alikuwa anafanya kazi gani. Alikuwa daktari mkuu wa kituo cha Cottolengo hapa Nairobi, makao ya watoto mayatima wenye virusi vya UKIMWI. Fikiria miaka ile. Serikali ilitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwaka wa 1999, watu wakiwa wameshazikana miaka kumi na zaidi, na dawa za kupunguza makali zilikuwa za wenye pesa. Kuna watoto ambao hakuna jamaa alitaka kuwashika mkono, na daktari wao alikuwa huyu wa kitabu chako cha kidato cha tatu. Saratani ilimchukua Septemba 2011, akiwa na miaka 53 tu. Riwaya yake ya mwisho, Mandate of the People, ilitoka 2012, mwenyewe akiwa hayupo.

Mkimbiaji wa kwanza

Margaret Okayo anatoka Kisii, na nikikuambia ukweli, hatumtaji vya kutosha. Tarehe 4 Novemba 2001 marathoni ya New York ilikimbiwa mji ukiwa bado haujapona. Hata miezi miwili haikuwa imepita tangu mashambulizi ya Septemba 11. Okayo alishinda kwa saa 2:24:21, rekodi mpya ya njia hiyo. Mwaka uliofuata akashinda Boston kwa 2:20:43, akimwacha Catherine Ndereba nyuma, na hiyo pia ikawa rekodi ya Boston. Mwaka wa 2003 akarudi New York, akashusha rekodi yake mwenyewe hadi 2:22:31. Mwaka wa 2004 akashinda London.

Ile 2:22:31 ya New York ilikaa miaka 22. Viatu vikabadilika, vikaingia vile vya soli nene ambavyo kila mtu analalamikia, mabingwa wa dunia wakaja na kwenda, na saa ya Okayo ikabaki pale pale. Ilivunjwa Novemba 2025 na Hellen Obiri kwa 2:19:51, na Obiri naye ni wa kutoka Kisii. Siku hiyo mtandao wote ulikuwa Obiri, na ni haki yake. Lakini watu wakiuliza "rekodi ilikuwa ya nani?" jibu lilikuwa mstari mmoja mwisho wa habari. Miaka 22 ya kutoshikika, na unapata mstari mmoja.

Mkimbiaji wa pili

Wa mwisho ndiye mdogo wao. Margaret Nyairera Wambui alizaliwa Nyeri mwaka wa 1995. Mwaka wa 2014 alikuwa bingwa wa dunia wa vijana, mita 800, kule Eugene, Marekani. Mwaka wa 2016 kwenye Olimpiki ya Rio akapata shaba kwa 1:56.89, nyuma ya Caster Semenya wa Afrika Kusini na Francine Niyonsaba wa Burundi. Alikuwa na miaka 20. Wanariadha wa mbio hizo huwa bado wanapanda kwa umri huo.

Aprili 2018 shirikisho la riadha duniani likatangaza kanuni mpya. Wanawake ambao miili yao inatoa testosteroni nyingi kiasili, ikiwa ni kwa hali fulani za kimaumbile, hawangeruhusiwa kukimbia kati ya mita 400 na maili moja kimataifa hadi waishushe kwa dawa au njia nyingine. Semenya akaenda mahakama ya michezo akashindwa, na Mei 2019 kanuni zikaanza kazi. Wambui alikataa kutumia dawa kubadilisha mwili ambao hauugui. Mwaka wa 2021 alijitokeza hadharani akapendekeza kuwe na kitengo cha tatu, ili watu kama yeye wapate mahali pa kukimbia. Mwaka wa 2023 kanuni zikakazwa zaidi na kuenezwa kwa mbio zote.

Najua mjadala huu una watu wenye uchungu pande zote mbili, wakiwemo wanariadha wanaoona walinyimwa medali. Swali la haki kwenye mbio si la kijinga. Lakini angalia jinsi tulivyoliongelea hapa nyumbani. Msichana alipokuja na shaba tulimwimbia. Sheria zilipobadilika, wengi wetu tulinyamaza, na waliobaki wakiongea walikuwa wanachunguza sura yake na sauti yake kama bidhaa sokoni. Alizaliwa akaitwa Margaret, akalelewa Wambui, akashindana kama mwanamke kwa sababu ndivyo alivyo. Halafu ofisi iliyo mbali ikamwambia jina lake la mbio linahitaji kibali. Kati ya hawa watano, ndiye pekee ambaye mlango ulifungwa akiwa tayari ameshaingia.

Majina matatu

Ningeweza kuendelea. Kuna Prof. Margaret Kamar, ambaye mwaka wa 2017 alikuwa kati ya wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa seneta Kenya. Kuna Askofu Margaret Wanjiru, aliyekuwa mbunge wa Starehe. Lakini orodha ikirefuka sana tunarudi pale pale, kwa rundo la akina Margaret wasio na nyuso.

Ninachosema ni hiki. Wanawake wa kizazi hicho walikuwa na majina ambayo kila kipande kina mwenyewe. Moja la kanisa, moja la nyanya, moja la baba au la mume. Tunapokata mawili na kubaki na "Margaret" tu, au "mke wa", au "binti ya", tunabaki na kipande ambacho hakimtambui mtu yeyote. Margaret Wambui Kenyatta si binti ya Jomo tu wala wifi ya mtu tu. Margaret Atieno Ogola si swali la insha. Margaret Nyairera Wambui si kanuni ya testosteroni.

Kwa hivyo utani uendelee, hata mimi nitacheka. Lakini ukiandika kuhusu mwanamke wa zamani, weka majina yake yote, kwa sababu atakayekuja kumtafuta baadaye hana njia nyingine ya kumfikia. Na ukienda nyumbani wikendi hii, kama kuna Margaret kwenu, muulize alipewa hilo jina na nani, alikuwa anaitwa nani kabla ya hapo, na alikuwa anataka kufanya nini kabla hajawa mweka hazina wa chama. Beba daftari. Atakuuliza kwanza wewe ni mtoto wa nani, mjibu tu.